Kutua Muzigo wa Kosa la Zamani

(Somo la kujifunza katika vikundi)



Mara nyingi tunafundishwa kuwasamehe wengine. Tunaimba juu yake, tunahubiri juu yake. Lakini kuna mutu mumoja ambaye wengi wetu hatuwezi kumusamehe, hata akilia kila usiku. Ni ule tunayemuona katika kioo asubui tukinawa uso. Mwanafunzi alikopia ekzameni miaka mbili iliyopita, na angali anatetemeka mwalimu akimutazama. Binti alimujibu mama yake maneno mabaya, na mama akafa kabla binti hajaomba musamaha. Kijana alikula feza za masomo ambazo kaka yake alimutumia, na sasa hawezi kuandika barua kwa kaka. Watu wengine waliisha kusahau. Wao hapana.

Kusudi la somo hili ni moja: tujue namna ya kutua kosa la zamani bila kulificha, na bila kujiazibu maisha yote.

Mbele ya kukutana, kila mutu asome: Matayo 27:3-5, Luka 19:1-10, Luka 22:54-62, Yoane 18:15-27, Yoane 21:1-19, Wafilipi 3:4-14.

I. TAA ILIYOVUNJIKA

Sisi tunaoandika somo hili tuko watu watatu. Tulisoma pamoja katika internati ya masomo moja ambayo hatutataja jina lake, zaidi ya miaka makumi mbili iliyopita. Tutaanza na kosa letu wenyewe, kwani si vizuri kufunua makosa ya wengine na kuficha yetu.

Hakukuwa umeme. Kila magaribi tulijifunza katika chumba kimoja kikubwa, na mwangaza wetu ulikuwa taa moja ya Petromax, ile ya kupompa. Kijana mumoja wa kalasi ya pili alikuwa na zamu ya kuitunza. Yeye aliijaza petroli, aliiwasha, na saa ya kulala aliizima na kuiweka katika kabati. Lakini ufunguo wa kabati ulikuwa mubovu, na sisi tulijua namna ya kufungua.

Usiku mumoja wa siku ya posho tulitoa ile taa na kwenda kucheza karata katika kalasi tupu. Kucheza karata kulikatazwa kabisa. Tukasikia viatu vya mulinzi. Katika haraka ya kukimbia taa ilianguka. Kioo kilivunjika, na tanki ikapinda karibu na pompi. Mulinzi alipita bila kutuona. Tuliokota vipande gizani, tukairudisha taa ndani ya kabati, tukaenda kulala.

Asubui ya siku ya kazi ya kwanza, prefe aliuliza mbele ya masomo yote: «Nani amevunja taa?» Alirudilia ulizo mara tatu. Tulitazama miguu yetu. Basi kijana wa zamu akahesabiwa kuwa na kosa, juu taa ilikuwa katika mikono yake. Wakaandika kwa baba yake.

Baba alifika kwa miguu. Alikuwa ametembea siku mbili. Alikuwa ameuzisha mbuzi, na feza zilifungwa ndani ya kitambaa. Tulimuona amekaa chini ya muti wa avoka, kofia juu ya magoti, akingoja prefe amwite. Tulipita karibu naye tukienda kula. Alitusalimia. Tukaitika salamu yake.

Ule kijana alimaliza mwaka, lakini mwaka uliofwata hakurudi. Hatuwezi kusema kama ni taa ndiyo iliyomuondoa. Feza za masomo zilikuwa ngumu kwa watu wengi siku zile. Lakini tunajua kwamba mbuzi mumoja alitoka katika lupango yao juu ya karata zetu.

Sasa musikie namna kila mumoja wetu alivyobeba ule muzigo.

Wa kwanza alichagua kucheka. Kila mara tulipokumbuka, alisema, «Achana nayo, yalikuwa mambo ya utoto.» Lakini kama mutu akitaja Petromax, alibadilisha mazungumuzo.

Wa pili akawa mukali. Alipokuwa mwalimu, hakuna aliyeazibu wanafunzi kama yeye. Mwanafunzi akivunja kitu hata bila kupenda, alipashwa kulipa siku ile ile. Watu walifikiri anapenda utaratibu. Kumbe alikuwa anapiga kosa lake juu ya migongo ya watoto wa wengine.

Wa tatu alijiazibu mwenyewe. Wakati kanisa lilimuchagua kuwa shemasi, alikataa. Wakati Meza ya Bwana ilitengenezwa, alibaki inje, akisema yuko na kazi. Alifanya hivi miaka mingi, na bibi yake hakujua sababu.

Kucheka, kupiga wengine, kujipiga. Ni namna tatu za kubeba kosa, na hata moja haikurudisha ile mbuzi.

II. SI KILA UZITO NI ZAMBI

Mbele ya kuendelea, tutenganishe mambo, kwani wengine wanaomba musamaha kwa neno ambalo si zambi, na wengine wanaita zambi yao bahati mbaya.

Kwanza kuna kuanguka. Mwanafunzi alijifunza kwa nguvu na akakosa ekzameni. Mwingine alipika ugali na ukaungua. Hapa hakuna wa kuomba musamaha. Kuna kujaribu tena, na kama inawezekana, kujaribu namna ingine.

Pili kuna mambo yaliyotufikia bila kupenda kwetu. Katika inchi yetu, tangu vita vya 1996 na vita vilivyofwata, watoto wengi walikimbia usiku. Kuna aliyeshika mukono wa mudogo wake na mukono ukaponyoka katika watu wengi. Kuna msichana aliyetendewa uovu na watu wenye silaha, na leo anajiuliza kama ni yeye mwenye kosa. Tunataka kusema wazi: hapana. Kosa ni la yule aliyefanya uovu, na la wale walioleta vita. Wewe uko na huzuni, na huzuni inatafuta kulia pamoja na watu, inatafuta musaada na wakati. Usijitwike kesi ambayo si yako. Mutu wa namna hii hahitaji kujisamehe. Anahitaji mutu wa kumwambia, hata mara mia, kwamba hakuna neno alilopashwa kusamehewa.

Tatu kuna zambi: neno tulilojua kuwa baya, tukaweza kuliacha, na tukalifanya. Karata hazikuwa jambo kubwa sana. Zambi yetu kubwa ilikuwa pale tuliponyamaza mara tatu. Sehemu zinazofwata zinasema juu ya jambo hili la tatu.

III. WATU WAWILI WALIOHUZUNIKA

Katika usiku mumoja, wanafunzi wawili wa Yesu walimukosea. Yuda alimutoa kwa adui, na Petro alimukana. Watu wengi wanafikiri kwamba Petro alihuzunika na Yuda hakuhuzunika. Someni Matayo 27. Yuda alihuzunika sana. Alisema wazi kwamba alikosa. Hata alirudisha vile vipande 30 vya feza. Kama tungeangalia uchungu tu, hatungeweza kuwatenganisha.

Tofauti iko fasi gani? Yuda alipeleka kosa lake kwa wakubwa wa makuhani, wale waliomutumia. Wakamujibu kwamba neno lile halikuwahusu wao. Halafu akaenda peke yake na akajihukumu peke yake. Petro naye alitoka inje akalia, lakini kisha kulia alirudi kwa wenziwe. Asubui ya siku ya ufufuko alikuwa nao. Alikuwa nao tena kule baharini kuvua samaki. Hakujitenga, na hivi Bwana alimukuta kati ya wandugu.

Hapa tunasimama kidogo. Kama kuna mwanafunzi anayesoma karatasi hii, na kosa lake limemuletea mawazo ya kufa, tunamwomba: usikae peke yako na mawazo yale, hata usiku mumoja. Amusha rafiki anayelala karibu nawe. Ita muchungaji, mwalimu, mama wa internati, mutu yeyote unayemutumainia. Na wewe rafiki ukiambiwa neno la namna hii, usicheke, usihubiri, usimuache, na mutafute mukubwa wa kusaidia. Hakuna kosa ambalo kufa kwako kunaweza kulipa. Kunaongeza maiti na kilio, na deni linabaki palepale.

Sasa tuangalie namna Bwana alivyomuponya Petro. Yoane ameandika jambo dogo ambalo ni rahisi kulipita. Usiku ule katika lupango ya kuhani mukubwa, Petro alikuwa anaota moto wa makala alipomukana Bwana. Katika Yoane 21, Petro anatoka mayini, na anaona nini pa inchi kavu? Moto wa makala. Neno lile la Kigiriki linalotajia moto wa makala liko mara mbili tu katika Agano Jipya lote: pale alipokana, na hapa. Kila mumoja wetu anajua namna harufu ya makala inavyorudisha mawazo ya nyumbani. Tunafikiri Petro, akisikia harufu ile, alikumbuka yote.

Na Yesu hakusema, «Tusahau ile maneno.» Alimuuliza mara tatu kama anamupenda, sawasawa na mara tatu alizomukana. Petro akahuzunika. Iliuma kwa sababu Bwana alikuwa anagusa palepale penye kidonda. Munganga anayepita mbali na kidonda hawezi kukiosha. Lakini kila mara Petro alipojibu, alipewa kazi: kuchunga kondoo. Bwana hakumwambia angoje miaka kumi mbele ya kutumiwa. Alimupa kazi siku ile ile, palepale pa moto.

IV. KAPTENI ALIYECHELEWA KUSEMA

Mutu mwingine atufundishe, wa nyakati zisizo mbali kama za Petro. Wengi wenu munajua wimbo unaoitwa kwa Kiingereza Amazing Grace, unaoimbwa leo katika luga nyingi. Aliyeandika maneno yake aliitwa John Newton, Mwingereza aliyezaliwa London katika 1725. Alikuwa kapteni wa merikebu za kuchukua watumwa.

Newton alikwenda mara nyingi pwani ya magaribi ya Afrika, upande wa Sierra Leone. Katika mwezi wa tatu wa 1748, zoruba kubwa ilikaribia kuzamisha merikebu aliyokuwa ndani yake, na pale alianza kumulilia Mungu. Tunapenda kusema kwamba siku ile aliacha ubaya wote. Haikuwa hivyo. Kisha zoruba ile alirudia biashara ya watumwa, na tangu 1750 mpaka 1754 aliongoza safari tatu akiwa kapteni. Siku ya mungu aliwakusanya mabaharia wake kwa ibada, na chini ya mbao walizosimama juu yake watu weusi walikuwa wamefungwa kwa minyororo. Aliacha kazi ile katika 1754 juu ya ugonjwa.

Katika 1764 alipata kuwa muchungaji. Alihubiri, aliandika nyimbo. Lakini juu ya kuuzisha watu hakusema mbele ya watu wote namna alivyopashwa kusema. Ni katika 1788 tu, miaka 34 kisha kuacha merikebu, alipotoa kitabu kidogo cha kueleza uovu wa biashara ile. Alieleza mambo aliyoyaona na aliyoyafanya yeye mwenyewe. Alikubali kwamba ungamo lake lilichelewa. Akasimama tena kama mushuhuda mbele ya wakubwa wa serikali ya Uingereza waliokuwa wanachunguza maneno haya. Mbele ya wakati ule, katika 1785, kijana mumoja wa bunge, William Wilberforce, alikuja kumuuliza shauri. Newton alimutia nguvu abaki katika bunge. Wilberforce alipigana na biashara ya watumwa miaka makumi mbili, na mwezi wa tatu wa 1807 Uingereza ikaikataza kwa sheria. Newton alikuwa angali muzima. Alikufa mwezi wa kumi na mbili wa mwaka ule ule.

Kwa nini tunaleta habari hii katika Congo? Kwa sababu sisi tuko wajukuu wa neno hili. Njia za watumwa zilipita hata katika inchi yetu. Upande wa magaribi watu walipelekwa baharini, na upande wetu wa mashariki misafara ilipita Nyangwe na Kasongo. Kati ya babu zetu kuna waliokamatwa, na kuna waliosaidia kukamata. Basi hatuwezi kusema kwamba machozi ya kapteni yalilipa. Watu aliowapeleka ngambo ya bahari hawakurudi kwa mama zao. Hakuna wimbo unaoweza kuwarudisha.

Lakini tuulize swali: wakati gani Newton alisaidia watu wale? Si wakati aliponyamaza kwa haya. Alisaidia wakati alipokubali kusema, «Mimi nilikuwa pale, nilifanya.» Mutu anayejificha kwa haya hafai kuwa mushuhuda. Mutu anayejua kwamba Mungu amemupokea anaweza kufungua kinywa, kwani hana tena kitu cha kuficha. Ndiyo sababu tunasema kwamba kupokea musamaha si kujipendeza. Wengine wanangoja ushuhuda wetu.

V. NAMNA YA KUTUA MUZIGO

1. Taja kosa kwa jina lake. Wengine wanasema, «Nilianguka,» ao «Shetani alinishika.» Sema, «Niliiba.» Sema, «Niliacha mwingine aazibiwe.» Lakini usiliongezee ukubwa vilevile. «Mimi niko mutu mubaya tu, sina faida» si ungamo. Ni wingu kubwa linaloficha kosa lenyewe. Mwenye kusema «mimi ni mubaya kwa yote» hana neno moja la kurudisha.

2. Lipeleke fasi inayopashwa. Kwanza kwa Mungu, kisha kwa yule uliyemukosea. Kama kosa lilikuwa kati ya watu wawili, liishe kati ya wawili. Si vizuri kusimama mbele ya kanisa lote na kufungua siri itakayoumiza mwingine. Lakini kama mwingine aliharibikiwa jina mbele ya watu, jina lake linapashwa kusafishwa mbele ya watu. Na kama unaogopa kwenda peke yako, chukua mukubwa mumoja mwenye kuchunga siri.

3. Rudisha. Sheria ya Walawi, sura ya 6, iliamuru mwizi arudishe kitu chenyewe, tena aongeze sehemu moja ya tano. Ni hesabu rahisi: uliiba 100, utarudisha 120. Zakayo alipita pale, akaahidi kurudisha mara ine. Musitafute musamaha wa bei rahisi wakati feza za mwenzenu zingali ndani ya mufuko wenu. Na kama haiwezekani tena? Binti ambaye mama yake alikufa atamurudishia nani? Amwambie Mungu yale aliyotaka kumwambia mama. Halafu amutazame mama muzee asiye na mutoto, amuchotee mayi. Haitakuwa malipo. Itakuwa matunda.

4. Kubali jibu. Katika Maandiko hatukuona fasi ambapo mutu anaamuriwa kujisamehe yeye mwenyewe. Musamaha unatoka kwa Mungu na kwa yule tuliyemukosea. Hatuwezi kuutengeneza ndani yetu, kama vile mwanafunzi hawezi kujiandikia alama katika ekzameni yake. Basi kujisamehe ni nini? Ni kukubali hukumu ya Mwamuzi, na kuacha kufungua kesi upya kila usiku. Mungu akisema «imekwisha», nami nikisema «hapana, ingali», najiweka kuwa mwamuzi mukubwa kuliko yeye. Inaonekana kama unyenyekevu, lakini si unyenyekevu.

Inawezekana yule uliyemukosea akatae kukusamehe. Usimukaze. Ulimuumiza wewe, na wakati wa kupona ni wake. Wewe umefanya sehemu yako. Inawezekana tena azabu ibaki: prefe anaweza kukufukuza hata kama amekusamehe. Vumilia. Kusamehewa si kuponyoka azabu.

5. Simama, fanya kazi. Paulo anasema katika Wafilipi 3 kwamba anasahau yaliyo nyuma. Lakini ni Paulo huyu huyu anayeeleza katika barua zake namna alivyotesa kanisa. Basi kusahau kwake si kufuta kichwa. Ni kama mutu wa mbio: anajua alitoka wapi, lakini macho yake hayako kule, kwani anayegeuza kichwa akikimbia ataanguka.

Na kama kosa likirudi saa ya usiku, na litarudi, usishindane nalo saa mbili. Ujibu kwa ufupi: «Ndiyo, nilifanya. Nilisema. Nilirudisha. Bwana amesamehe.» Kisha geuka upande mwingine, ulale. Kesho iko kazi.

VI. MBUZI

Tumalize habari yetu. Ni wa pili kati yetu, yule mukali, aliyeanza. Siku moja alimulipisha mwanafunzi kioo cha dirisha, na baba wa mutoto akafika, kofia mukononi. Mwalimu akaona muti wa avoka tena. Jioni ile alitutafuta, akasema, «Wandugu, twende.»

Tulinunua mbuzi mbili, tukaenda. Muzee alikuwa angali hai, macho yake yalikuwa zaifu. Tulipiga magoti, tukasema yote: karata, taa, na namna alivyotusalimia tukaitika. Alinyamaza wakati murefu. Kisha akasema, «Watoto wangu, mbuzi ilishaka kuliwa zamani, hiyo si kitu. Lakini mutoto wangu walimuita muharibifu mbele ya watu. Mimi naye nilimupiga. Muende mumwambie yeye.»

Haya ya muzee ndiyo ilitukata zaidi. Hatukujua kwamba alipigwa.

Tulimupata mwanawe katika muji. Yuko fundi wa kutengeneza pikipiki, na yuko na watoto. Alitusikiliza akiendelea kusafisha kipande cha motere kwa petroli. Akasema kwamba alijua zamani ni sisi, kwani asubui ile aliona kidonda cha kioo katika mukono wa mumoja wetu. «Nilikasirika miaka mingi,» alisema. «Kisha nikachoka. Niliwaachilia ile siku nilibatizwa.» Tukamwomba ruhusa ya kuandika kwa masomo yale, ili jina lake lisafishwe. Akakubali, na barua ilisomwa mbele ya wanafunzi ambao hawakuzaliwa wakati ule.

Tulipotaka kuondoka, wa tatu wetu akaanza kulia, akisema hawezi kujisamehe. Fundi akamutazama. «Ndugu, ile maneno ilikuwa yangu, na mimi niliisha kuiacha. Weye ungali unaibeba ya nini? Nani amekutuma?»

Hakuwa na jibu. Siku ya mungu iliyofwata alikaa karibu na bibi yake, na mukate ulipopita alinyosha mukono akatwaa. Mukono wake ulitetemeka. Hatusemi kwamba alipona siku ile. Tunasema tu kwamba alikula.

MASWALI YA KUJIBU PAMOJA

1. Kati ya namna tatu za kubeba kosa (kucheka, kupiga wengine, kujipiga), unaona ipi zaidi katika internati yetu? Musitaje majina.
2. Yuda na Petro walihuzunika wote. Petro alifanya nini ambacho Yuda hakufanya?
3. Kwa nini Yesu aliuliza mara tatu karibu na moto wa makala? Ingekuwa vizuri zaidi kama angenyamaza?
4. Newton alipashwa kusema wakati gani? Nani aliumia juu ya kuchelewa kwake?
5. Tafuteni mufano wa muzigo usio zambi. Namna gani tumusaidie mwenzetu anayeubeba?
6. Kwa walimu: mwanafunzi akija kuungama kosa lake, anakuta nini kwetu? Mulango wazi, ao fimbo tu?

Swali la saba kila mutu alijibu peke yake mbele ya Mungu: kuna mutu anayengoja nimurudishie kitu?

SALA

Bwana Yesu, ulimungoja Petro karibu na moto. Utungoje sisi vilevile. Utupe nguvu ya kusema neno tulilolificha, na mikono ya kurudisha kitu tulichokamata. Na ukiisha kutusamehe, utufundishe kutua, ili mikono yetu ipate fasi ya kazi yako. Amina.